Tangi la Samaki Ghorofani kwa Mama

Mama yangu aliuza samaki wa kukaanga miaka mingi hapa Tanga, na kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha mimi na kaka yangu. Magoti yalipomkatalia ngazi, akabaki ghorofani katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, nyumba ya zamani yenye kuta nene za mawe na sakafu ya mbao. Siku moja nikimkanda miguu akasema, "Umri wangu wote nimewashika samaki wakiwa wamekufa. Natamani kukaa tu niwatazame wakiogelea."

Mie ni fundi cherehani, samaki sijapata kufuga. Lakini neno lile lilinikaa moyoni. Nikaagiza tangi la kioo, refu kama meza yangu ya kukatia nguo. Kaka, ambaye kazi yake ni kujenga, alipoliona uani alishika kiuno.

"Dada, hili likijaa maji ni sawa na ng'ombe mnene amesimama palepale usiku na mchana. Na juu kule ni mbao!"

"Basi tutafute pa kumsimamisha huyo ng'ombe," nikamjibu.

Mama alitaka tangi likae katikati ya sebule. Nikasimama pale nikaruka kidogo, vikombe vikagongana kabatini. Kaka akavishika visianguke. Nikashuka chini kwa mpangaji wetu anayeuza unga, nikamwomba ngazi, nikapanda kuzitazama boriti zilizobeba sakafu yetu. Zote zilitoka ukuta wa barabarani hadi ukuta wa uani. Nikaelewa: katikati ndipo zinaponesa, lakini vichwa vyake vimelala juu ya mawe. Tangi likae ubavuni mwa ukuta, likatize boriti kadhaa kwa pamoja, ili pasiwe na moja inayoubeba mzigo peke yake.

Nikauchagua ukuta wa barabarani, penye dirisha. Kwa bahati nilikuwa na bisibisi mfukoni, nikawa nachoma kila kichwa cha boriti. Chini ya dirisha bisibisi ikazama kama imeingia papai bivu. Mvua ilikuwa ikipenya pale miaka yote, nasi tunapita juu yake na sinia za chai. Nikashuka upesi. Nilimwita kaka, naye akachoma mwenyewe.

"Hii ingetuangusha hata bila samaki," akasema. Jioni ile ile akaleta nguzo akaitegemeza, na baadaye akabadilisha boriti nzima.

Upande wa uani vichwa vyote vilikuwa vikavu na vigumu, bisibisi ikateleza. Nikapanda kumweleza mama kwamba tangi litakuwa nyuma ya kiti chake.

"Kiti kinageuka, mwanangu," akasema. "Tangi lihamishwe kwa nini?"

Tukalaza ubao mnene, juu yake meza ya chuma niliyoichomelesha, halafu tangi. Kabla ya maji niliweka pimamaji mara kadhaa, nikatia vibao vyembamba chini ya mguu mmoja hadi kiputo cha hewa cha pimamaji kikakaa katikati. Tukajaza kwa ndoo, nusu kwanza. Sakafu ikalia kidogo. Mama akacheka: "Nayo inatuamkia, shikamoo!" Kaka akakimbia chini kutazama, akapaza sauti, "Haijashuka!" Tukaiacha hadi kesho yake, nikapima tena, ndipo tukamalizia. Maji yalipotulia vizuri, nilienda Pongwe kwa mfugaji mmoja nikarudi na samaki wadogo wa rangi.

Mama aliwatazama mpaka chai ikapoa. Kisha akanishika mkono. Nimeshona magauni ya maharusi wengi na kusifiwa sana, lakini sijawahi kujisikia vile.

Wageni wakija siku hizi, mama huwaonyesha tangi kabla hawajakaa. "Kapanda ngazi mwenyewe huyu, kakagua boriti moja moja," huwaambia, nami hujidai nina kazi jikoni ili nisionekane ninavyotabasamu.

Juzi jirani wa mtaa wa pili, naye anaishi ghorofani, alituma mtu kuniita. Anataka kuweka tangi la maji kwenye roshani yake ya mbao. Nilichukua bisibisi, nikaenda. Nilimwambia asithubutu, na nikamwonyesha kwa nini: boriti za roshani zina kichwa kimoja tu ukutani, kingine kinaning'inia hewani.