Furu Haibebwi Kichwani

Mi sina uvumilivu na batu ba vichwa ngumu, na mudogo wangu Waridi njo wa kwanza wao.

Kwetu Baraka, mji wa kando ya ziwa, tangu vita ya kwanza, kila nyumba ilikuwa na kifurushi kimefungwa karibu na mulango: sufuria, chumvi, blanketi, kitenge cha kubebea mutoto. Milio ya risasi ikianza, unajitwisha, unakimbia. Bamama bakaanza kufundisha mabinti wao kazi kwa kipimo hicho hicho: kazi nzuri ni ile unaweza kubeba kichwani. Mama yetu alisema hivyo asubuhi na magaribi. Basi mi nikashona, sababu mashini yangu ya kuzungusha kwa mukono ni nzito, lakini inabebeka. Waridi, yeye, akaenda kupenda furu ya mikate. Tanuru la udongo wa kichuguu, kubwa kama ng'ombe amelala! Niambie, hiyo utaibeba na kichwa gani?

Si kwamba hakujaribu kazi ingine. Nilimukalisha mbele ya mashini yangu, akashona mukono wa shati wa kulia upande wa kushoto. Akauza mawese sokoni, akasinzia juu ya bidoni za mafuta. Kila kazi aliifanya na uso wa mutu anayengoja mvua iishe. Halafu kukawa arusi kwa jirani, mwokaji akagonjwa, bakamuomba asaidie. Alirudi farini, unga wa mikate, iko mpaka kwenye nyusi, macho yanawaka.

— Yaya, akaniambia, maana mi njo dada yake mukubwa, nimepata kazi yangu. Nikitoa ile mikate nasikia kama njo mimi nimeiva.

Nikamwambia kazi ni kazi, aende kuoga. Lakini niliona. Nani hangeona?

Furu ya kwanza aliijenga nyuma ya nyumba ya bwana yake Useni, mwenye pirogi, mutumbwi mukubwa wa mizigo. Vita ikatukimbiza milimani, na tuliporudi mvua ilikuwa imeibomoa. Waridi akalia kama aliyefiwa. Nikamwambia: umeona? Akajifuta machozi, akachukua jembe. Sikio la kufa halisikii dawa! Ile ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, siwezi kusema uongo. Mwezi wa Ramadhani harufu yake ilitufikia mbele ya adhana, na Bakristo nao walikuwa kwenye foleni pamoja na sie.

Mwaka wa tisini na nane vita ikarudi, ikateremuka kandokando ya ziwa. Siku milio ilipofika juu ya Baraka, pirogi ya Useni ilikuwa imejaa batu, inatungoja kuvuka maji kwenda rasi ya Ubwari. Nikakimbia kumuita mudogo wangu, mashini kichwani. Nikamukuta ameketi mbele ya furu, mulango wake umezibwa na bati.

— Waridi! We! Twende!

— Mikate haijaiva, yaya.

Wallahi nilitaka kumupiga. Risasi zinalia, yeye anangoja mikate! Batu bakamulazimisha Useni kusukuma, pirogi ikaondoka bila sie. Tukatembea ufukoni mpaka miguu ikavimba, mikate ya moto imefungwa ndani ya kitenge, mi namutukana njia yote. Tulipopata pirogi ingine, ilikuwa imejaa batoto ba njaa, na ile mikate njo walikula. Waridi akanitazama. Nikamwambia asinitazame.

Kule Ubwari, Useni akasema basi.

— Shemeji, akaniambia mbele ya Waridi, mudogo wako atashona. Nimechoka kuacha furu nyuma.

Akamununulia mashini. Sasa nilipaswa kufurahi, si ndiyo? Nilikuwa nimeshinda! Tukaketi bega kwa bega, tunatia viraka kwenye nguo zilizochoka, mwaka unaingia, mwaka unatoka. Mishono yake ikanyooka. Lakini akaacha kunibishia. Nikimutukana, anajibu tu, "Ndiyo, yaya." Waridi huyo! Akipita karibu na kichuguu, anavunja kipande, anakifinya kwenye vidole, anakitupa. Vita ilinikasirisha, Useni alinikasirisha, na ile "ndiyo, yaya" ilinikasirisha kupita vyote.

Asubuhi moja uvumilivu ukaniisha. Nikaazima jembe, nikaenda kupiga kichuguu, mi fundi wa nguo, na mugongo wangu huu! Nikarudi na beseni ya udongo, nikaumwaga mbele ya mashini yake.

— Jenga.

— Tutaiacha, yaya. Unajua tutaiacha.

— Tutaiacha, ndiyo! Hata hizi mashini, iko siku tutaziacha. Jenga, kabla sijabadili mawazo!

Akaugusa ule udongo, akakunja uso.

— Iko na muchanga mingi. Ulichimba wapi? Hujui kitu, yaya.

Ee Mungu, nilifurahi kutukanwa!

Useni alinuna. Lakini alipotoka Kigoma, alitua mufuko wa farini uwanjani. Siku ya kuoka, majirani walijaa kwetu tangu asubuhi. Mikate ilikuwa imeingia tu ndani wakati milio ilianza kule mulimani. Batu bakarukia vifurushi vyao. Useni akaanza kutuita kutoka pirogi. Mashini yangu ilikuwa tayari kichwani, sijui hata niliiinua wakati gani.

Waridi akalitazama lile bati kwenye mulango wa furu. Kisha akachukua kifurushi chake.

— Twende, yaya, akasema, na ilikuwa sauti ile ile ya "ndiyo, yaya".

Hasira yote ya ile vita ikanipanda. Nikatua mashini. Nikakaa chini mbele ya furu, nikanyoosha miguu.

— Mikate haijaiva, nikamwambia.