Bila Mtani Bukundi

Kabla ya kuanza kuchekesha, Maduhu aliuliza lile aliloliuliza kwa miaka thelathini katika minada ya Simiyu: "Mtani wangu yuko wapi?"

Zamani mchekeshaji akifika ugenini, mtu wa ukoo wa watani zake alisimama mbele, na matusi yote yakamwangukia yeye. Waliobaki walicheka kwa amani, maana mtani hakasiriki. Leo vijana wa Bariadi wanaiita kazi hii stendap, nao humtukana yeyote aliyekaa mbele bila kujua babu yake ni nani.

Mnada wa Nkololo ulikwisha kumfukuza Maduhu, na wa Nyalikungu pia. Kote huko alikosa mtani, akawatania wasio watani zake, akaambulia kupigwa makofi. Ulibaki mnada wa Bukundi tu. Akiukosa huo, ni kukaa nyumbani kuchunga mbuzi wa mkwewe mpaka kufa.

Akapanda juu ya tela la trekta, akauliza tena. "Mtani wangu yuko wapi? Mmekufa wote?"

Kijana mwenye miwani ya jua akanyoosha mkono. "Niko hapa, mzee! Nitukane!" Wenzake wakainua simu.

Kwa furaha Maduhu akasahau kumuuliza ukoo wake. "Wewe! Siku mama yako anaolewa, ng'ombe wa mahari walipomwona waligeuka wenyewe wakarudi zizini!"

Watu wakaangua kicheko. Kijana hakucheka. "Umesemaje kuhusu mama yangu?" Akamvuta mguu. Maduhu akaanguka kifudifudi kwenye mavi ya ng'ombe, na hapo mnada mzima ukacheka kuliko ulivyowahi kuchekea maneno yake.

Msimamizi wa mnada akaja. "Mzee, usirudi tena hapa. Unatuletea fujo."

Alipokuwa akijifuta uso, bibi mmoja akamsogelea, akamsalimu Kisukuma kwa sauti ya chini, "Mwadila, mwizi wa kuku. Hata babu yako alinuka hivyo hivyo."

Alikuwa Nyanjige, wa ukoo wa watani zake.

"Mayu, mama! Kumbe ulikuwepo? Mbona hukusimama?"

"Mwanangu Joakim ameokoka. Anasema utani ni kazi ya shetani." Bibi akatazama nyuma. "Nikisimama, nitalala kwa nani?"

Maduhu alikuwa na tusi la kumjibu, tena tamu. Lakini Nyanjige alikwisha kujifunika kanga kichwani, akaondoka haraka, asije akaonekana naye.