Kilima cha Waingereza na Mama Mkwe Wangu

Mama mkwe wangu anaishi nasi Ganshoren, huku Ubelgiji, na sijawahi kuuona uso wake sawasawa. Ninachokijua ni kikohozi chake. Akitaka kutoka chumbani kwenda msalani hukohoa, nami popote nilipo kwenye korido hugeukia ukuta mpaka apite. Kwao Kivu, kwenye ukoo wake, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani, hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia porini. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mama mkwe unampa shikamoo yake, anakukaribisha chai, mambo yamekwisha. Lakini nilioa huko nilikooa, nikapewa ukuta.

Ningeendelea kucheka kimoyomoyo kama asingeanguka. Ilikuwa asubuhi, mke wangu kazini, mimi nimerudi kutoka kwenye shifti yangu ya kusafisha tramu. Nikasikia kishindo jikoni, nikakimbia.

"Usikuye hapa!" alipiga kelele kabla sijafika mlangoni. "Usikuye! Ita mutoto wangu!"

Basi nikasimama nyuma ya mlango, mwanaume mzima, nikampigia simu mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa akimwogesha mama wa mtu mwingine kwa mshahara. Mama mkwe akalala sakafuni mpaka binti yake alipouvuka mji kwa basi na metro. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Hapo ndipo yalipoanza maneno ya nyumba ya wazee. Kulikuwa na moja Koekelberg, karibu na basilika, na chumba kimepatikana. Mke wangu hakukitaka kile chumba, mama yake hata kukisikia hakutaka. Mimi nilisema wazi: siku akianguka tena tukiwa wawili tu, nisimame nyuma ya mlango mpaka lini?  Kule Koekelberg walisubiri jibu letu Jumatatu, na Jumamosi iliyotangulia tulipanda basi kwenda Uingereza kuomba.

Ndiyo, Uingereza. Mke wangu na mama yake wanasali na kikundi cha maombi cha Wakongo kwenye mtaa wa Matonge, hapahapa mjini, kinachoongozwa na mzee mmoja ambaye wote wanamwita tonton, yaani mjomba. Tonton ana sauti kubwa, na hajapata kuwa na shaka na jambo lolote tangu azaliwe. "Kwetu muntu akiwa na shida, anapanda mulima," alitutangazia. "Bon. Hapa Bruxelles mulima iko wapi? Donc, tutaenda Angleterre." Alikuwa ameona kwenye simu picha ya kilima chenye njia ya kale iliyochongwa kwenye majani, inajizungusha kama konokono, na inasemekana watu wa zamani waliipita kwa magoti wakitubu. Nilimuuliza kwa nini tusipande milima ya Ardenne, ambayo iko hapahapa Ubelgiji. Alinitazama kwa huruma. "Ardennes ni ya pique-nique," akasema, na wote wakaitikia amina.

Tulisafiri tumefunga, kwa sababu mlimani huendi umeshiba. Nyuma ya basi kulikuwa na masufuria ya pondu, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi, harufu yake ikituchokoza njia nzima, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa kabla ya maombi. Kwenye meli walioimba waliimba, na waliotapika walitapika, ingawa sijui walitapika nini. Ndani ya basi mama mkwe alikaa kiti cha mbele kabisa, mimi cha nyuma kabisa karibu na samaki, ili utaratibu uheshimiwe hata safarini.

Na kilima chenyewe! Usambara watu wanalima viazi mahali palipoinuka kuliko pale. Tulipanda dakika chache kwenye kinyesi cha kondoo, upepo ukituchapa, tonton mbele na fimbo kana kwamba anatuvusha jangwani. Juu nikatafuta maajabu. Nilitegemea kuta za mawe au walau ua wa miti. Nilikuta majani. Waingereza walichimba vijifereji kwenye majani, wakaacha tuta dogo la kufika kwenye kifundo cha mguu, wakaweka uzio na kibao kinachosema kwamba hakuna ajuaye nani aliuchora mchoro ule wala kwa nini. Hata kupotea huwezi, maana njia ni moja tu: inaingia, inazunguka, inarudi ilikotoka, inazunguka tena mpaka katikati. Fumbo gani hilo lisilo na swali?

Wenzetu waliuingia mchoro kwa machozi na unyenyekevu. Kufika mzunguko wa pili, njaa ikashinda. Tonton akaruka tuta, wengine wakamfuata, wakakata moja kwa moja hadi katikati, wakajitupa chini, wakapiga kelele, wakatoa mapepo ya kila aina, wakainuka, na kuteremka upesi kwenye masufuria. Mzee mmoja wa Kiingereza na mkewe, waliokuja kutembeza mbwa, walisimama kando na kofia mkononi.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyekataa kuruka. "Mi nilikuya kutembea yote," alimwambia binti yake. Mke wangu alikuwa akiitwa chini kugawa chakula. Akanong'ona sikioni mwangu, "Fwata mama. Lakini mbali."

Nikasimama mbali. Mama mkwe akachungulia kwa pembeni, akaona niko nyuma yake, akaridhika, akaanza kutembea. Aliifanya hesabu ya korido yetu: aliyetangulia ametangulia, wa nyuma ni wa nyuma. Nami nikaifanya hesabu hiyohiyo. Baridi ilikuwa imeniingia mifupani, nikajiambia kwamba nimesafiri kutwa na njaa kwa ajili ya majani haya, basi acha niyakanyage. Nikamwacha afike upande wa pili kabisa, ndipo nikaingia.

Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba njia ile inarudi. Kwenye kona ya kwanza nikamwona anakuja. Nikageuza uso, tukapita bega kwa bega, tuta moja tu likiwa kati yetu. Kwenye kona ya pili akaja tena. Alikohoa, kikohozi chake kilekile cha nyumbani, lakini kilimani hakuna ukuta wa kugeukia. Mara ya tatu alikuwa ananijia uso kwa uso, karibu kabisa. Akajifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni na kuendelea kutembea hivyo bila kuona, akakanyaga tuta, akaanguka.

"Usikuye!"

Niliwatazama wale Waingereza. Nilitaka waje wao. Lakini walikuwa wametoka kushuhudia kundi zima likijitupa chini kwa hiari yake, na sasa waliinamisha vichwa kwa adabu, wakidhani naye anaomba. Nikampigia mke wangu simu. Haikushika. Chini kule nilisikia wakiimba wimbo wa kushukuru chakula. Bibi alijaribu kuinuka, mguu ukamkataa, akajaribu tena, na nikasikia analia ndani ya kitenge. Niliogopa. Nilikuwa nimeshakidharau kilima, tonton, samaki na Waingereza, ikawa sina cha kudharau tena ila kusimama kwangu.

Nikageuka. Nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea sauti ilikotoka, nikijikwaa kila hatua, mpaka kisigino kikagusa kitenge. Nikachuchumaa nimempa mgongo.

"Mama," nikasema nikiutazama uzio, "sikuangalii."

 Mkono ukashika koti langu, mwingine ukashika bega, na uzito wake wote ukaniegemea. Nikainuka polepole naye akainuka. Nilidhani tutakata moja kwa moja hadi ukingoni, kama tonton. Nilipoinua mguu kuruka tuta la kwanza, alinivuta koti kwa nguvu, kama mtu anayemzuia punda. Alikuja kutembea yote. Basi tukatembea yote, mimi mbele, yeye ameng'ang'ania mkanda wa koti, tukaenda katikati na kurudi, mizunguko yote ya kipumbavu ya watu wasiojulikana. Tulipotoka, yule mama wa Kiingereza alikuwa na machozi. Akaniuliza hii ni ibada gani. Nikamwambia ni mama mkwe wangu. Mumewe akanipiga bega, akasema anaelewa kabisa. Hakuelewa chochote.

Ndani ya basi mama mkwe alirudi kiti cha mbele, mimi nyuma. Sikuambiwa asante, wala sikuitegemea. Nilibaki na samaki baridi na koti lililochanika mshono.

Jumatatu asubuhi mke wangu alikuwa sebuleni, simu mkononi, namba ya Koekelberg mbele yake.

"Niwaambie nini?" akaniuliza. "Alors? Sema. Weye ndiye unabakiaka naye."

Papo hapo kishindo kikasikika jikoni. Mke wangu akatupa simu kwenye kochi na kukimbia. Hakufika mlangoni.

"Weye baki!" sauti ikamfokea kutoka ndani. Kikafuata kikohozi, na baada ya kikohozi, neno ambalo sikuwahi kuitwa na bibi huyo tangu nimwoe mwanawe. "Mukwe! Leta mugongo!"

Nikaingia jikoni kinyumenyume.