Kabari ya Koko

Gari ikipiga honi mbili fupi kule chini, ku barabara yenye inashuka ku barieri ya mupaka ya Rusizi, mukono yangu ya kuume inajifunga yenyewe. Nikiwa nachambua maharagi ama niko na rozari, ni sawa tu. Bidole binakamata kitu yenye haiko. Halafu inakuja harufu: esanse ya gari, samaki sambaza kavu, na maganda ya kalitusi. Batoto bangu banasema, "Mama, umepotea tena." Ninabaambia nilikuwa nasali. Si uongo yote.

Ile harufu ni ya Koko.

Koko ni vile sisi tunaita nyanya ama babu, na kamioneti ya Papa tuliipa ile jina kwa sababu asubuhi ilikohoa mbele ya kusema kitu. Ilikuwa ya bluu, lakini bluu ilibakia tu ku milango. Kwengine kote ilikuwa kutu na udongo. Papa alibeba ndizi na mihogo ya Mururu mpaka Kamembe, siku zingine sambaza ya Nkanka, na Jumapili alibeba banamama ba korale bila malipo. Balianza kuimba mu gari, basi kilima yote ilijua Koko iko inakuja. Muntu akimuuliza Papa ataiuza lini, alijibu, "Koko yako wewe uliiuza pesa ngapi?" Bantu balicheka, na Papa alicheka kuliko bote.

Koko haikuwaka tena na ufunguo, ilikuwa hivyo mbele mimi nizaliwe, na fren ya mukono, breki ya kusimamisha, nayo ilikuwa imekufa. Kwa hiyo Papa hakuisimamisha kamwe mahali pa tambarare. Alitafuta muteremuko, akaielekeza pua chini, akaniambia, "Nabintu, kabari." Kabari ilikuwa kipande ya kalitusi, nene sawa mukate, yenye alichonga na panga yake. Niliiweka mbele ya gurudumu na Koko ikatulia. Saa ya kwenda, Papa alipanda, akafunga mulango, akapiga honi mara mbili, fupi-fupi. Pale njo nilivuta. Koko iliteremuka kimya, ikakohoa, ikawaka, na mimi nikakimbia nyuma na kabari ku kifua mpaka mama moja wa korale akanivuta juu.

Nilikuwa na miaka tisa, na ile kazi sikumuachia muntu. Bonane, mudogo wangu wa miaka ine, aliililia kila siku. Nilimuambia mikono yake iko ya kushika mandazi.

Jumapili moja misa iliisha, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Papa alibaki ku mulango mukubwa ya kanisa, kofia mu mikono, anaagana na padri. Mama alikuwa ngambo ya pili na banamama benzake. Koko ilisimama chini, nyuma ya kikuta ya mawe, inaangalia bonde. Mimi nilikuwa nimechutama karibu na gurudumu, natoa udongo ku viatu vyangu vya misa. Honi ikapiga. Mbili, fupi-fupi.

Nikavuta.

Sikuinua macho. Hiyo njo kitu ninarudiliaka mpaka leo, vile haikunichukua hata pumzi moja. Koko ikateremuka kimya vile siku zote. Nikangoja ikohoe. Haikukohoa. Mu kioo ya nyuma niliona kofia ndogo ya njano ya sufu, ile yenye Mama alimufumia Bonane.

Ilipita shamba ya maharagi, ikashuka, ikagonga muti ya kalitusi. Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa sawa mulango yenye imefungwa na upepo. Nyuma ya pale honi ilianza kulia peke yake, moja ndefu, na iliendelea wakati banaume banakimbia mu matope, iliendelea wakati Mama analia, mpaka batiri ikakauka. Mimi niliingiza kabari ndani ya triko, sweta yangu, nikashika tumbo sawa mugonjwa.

Papa alipanda kutoka bondeni na Bonane mu mikono. Mutoto alikuwa muzima, lakini mukono ya kushoto ilipinda mahali mukono haipindaki. Mama Zita, mukubwa wa korale, mwenye sauti yake ilisikika bila kipaza, akauliza mbele ya bantu bote:

"Nani alitoa kabari?"

"Hakuna mwenye alitoa," Papa akasema. "Mimi sikuiweka. Nilisahau."

"Wewe, Papa Nabintu? Usahau kabari?"

"Nilisahau."

Mbao ilikuwa inanichoma ku mbavu. Nilifikiri: Mungu amenificha. Papa hakuona kabari, basi anaamini kama ni yeye. Na nikamuacha aamini.

Mukono ya Bonane balifunga platri ku hospitali, lakini haikunyooka tena. Na Papa, mwenye kilima yote ilimuita Shoferi, alienda kuomba kazi ku benye magari pale Kamembe. Balimupatia kiti, balimupatia fanta, halafu moja akamuambia na kicheko, "Mzee, kama ulisahau mutoto, mizigo yangu utaikumbuka?" Ile neno ilifika nyumbani mbele yake. Papa alianza kusukuma torori ku barieri, na alisukuma mpaka mugongo ikakataa.

Koko balikuwa bameivuta mpaka mu lupango yetu, mu kiwanja ya nyumba. Ilikaa pale wiki nyingi, kuku zikataga ndani. Siku bantu ba garaji balikuja kuichukua kwa kuuza byuma, Mama aliamuka mapema, akaiosha na sabuni vile alifanyaka kila Jumamosi, hata dirisha zenye hazikukuwa tena na kioo. Halafu akatoa rozari.

"Mama Nabintu, hii ni gari," Papa akasema pole pole.

"Ilibeba bibi harusi, ilibeba bafu betu mpaka ku makaburi. Acha niisalie."

Papa akatoa kofia. Tukasali, Bonane na platri yake, kuku na zenyewe. Kamioni ya garaji ilikuwa ku muteremuko ya mulango yetu, na mekanisie, fundi wao, akapaaza sauti, "Mzee, leta ile kabari yako! Hata hii yetu fren iko mugonjwa."

"Ilipotea," Papa akasema.

"Ilipotelea wapi?"

"Ilipotea. Chukua jiwe."

Alikuwa amenipa mugongo. Kabari ilikuwa chini ya mukeka yangu, hatua ine kutoka pale nilisimama. Niliweka kiganja ku mulango ya Koko, palipobakia bluu. Ilikuwa moto na jua, sawa muntu. Halafu baliiondoa. Usiku ile hakuna mwenye alikohoa mu lupango, na njo nikalia.

Mama alisemaka, ukweli inapita mu moto na haiungui. Mimi wangu niliuficha mbali na moto. Nilikua, niliolewa Kamembe, nilisoma shule ya mangaribi na batoto mugongoni, Papa akafariki, na kabari ilihama na mimi nyumba kwa nyumba. Ilizuia mulango ya jikoni, kwa maana upepo ya ziwa iko na nguvu. Nilisema ile zambi ku kitubio mara mingi. Padri alinipa Salamu Maria tano, nikasali makumi tano. Haikukuwa kuvuta tena yenye ilinisumbua. Ilikuwa Papa, vile alikufa akiamini alisahau.

Mwaka huu Bonane alipata mutoto wa kiume, na akaniomba nikuwe mama wa ubatizo. Nyuma ya misa nilisimama ku mulango mukubwa, mutoto mu mikono, naagana na padri. Nikaangalia chini.

Ile kikuta ya mawe, mu utoto yangu ilikuwa inapita kichwa yangu. Sasa inanifikia ku tumbo. Kutoka mulango ile unaona yote: mahali Koko ilisimama, mahali gurudumu ya mbele ilikuwa, mahali mutoto wa kike na nguo nyeupe alichutama. Nilikuwa nimesimama mahali Papa alisimama.

Aliniona. Aliona mukono yangu inavuta. Kutoka pale mpaka ku kalitusi ni mbio ya dakika moja, na mu ile dakika, mutoto wake mu gari, alichagua neno ya kusema.

Ku karamu bantu baliuliza kwa nini mutoto hakupewa jina ya koko yake, Papa yetu. Bonane akainua ule mukono yake. "Nimupe jina ya musahaulifu? Atasahau hata kunyonya." Bote balicheka.

Jumapili iliyofuata nilimuita kwangu. Nilitoa kabari ku mulango, nikaiweka ku meza, na nikamuambia. Aliigeuza mara mingi na ule mukono yenye haikunyooka.

"Yaya," akasema, "na honi? Mimi ninaotaka ndoto ya honi mbili. Tangu zamani. Naona mikono yangu mwenyewe iko ku usukani."

Nilimuangalia. Siku ile alikuwa na miaka ine, na Papa alikuwa amelipa kwa ajili yake pia. Mama anisamehe, na Mungu, ile uongo nilimuambia. Ninawaambia nyinyi kwa sababu Bonane hasomaki kitu kama haina mpira ndani.

"Hakukukuwa honi," nikasema. "Nilivuta kwa kucheza tu."

Aliirudisha kabari ku meza.

"Basi Papa hakusahau."

"Papa hakusahau hata kitu moja."

Mulango ya jikoni ilikuwa inapigapiga bila kabari. Kule chini, kamioni moja ya barieri ikapiga honi, mbili, fupi-fupi. Bonane akageuza kichwa. Mimi nilikuwa na mikono chini ya meza, na mara hii niliishika yote mibili, mpaka sauti ikapita.