Nilimuuzia Shemeji Gemu kwa Bei ya Kiritiri

Nimekosa. Nalisema kwanza kabla sijaanza kujitetea, maana najijua, nikipewa nafasi nitajitetea mpaka nionekane malaika. Nilimwibia kaka ya mwanamke niliyetaka kumuoa. Nilimwibia akiwa ameketi kwenye benchi langu, na juu ya hayo nikamcheka. Mwanamke mwenyewe sikumpata.

Msiniambie pole. Sitaki pole ya mtu!

Siku hizi nawasikia vijana wakilia ati gemu mpya ikitoka kwenye maduka ya mtandaoni, mtu wa nchi hii anauziwa bei hii, wa nchi ile bei ile, na gemu ni ile ile, hata haibebwi na lori. Wanawatukana wenye maduka mchana kutwa. Mimi nasikiliza, masikio yananiwaka. Mchezo huo mimi niliufanya Meru miaka ya tisini, kabla hatujajua mtandao ni mdudu gani.

Nilikuwa na duka dogo upande wa Kinoru, si mbali na uwanja. Nilikuwa nauza redio, betri na nyaya, lakini pesa yenyewe ilikuwa kwa gemu za TV. Zile za kaseti: unachomeka kaseti kwenye mashine, unaunga mashine kwa TV, vijana wanalipa kucheza. Wakati huo karibu kila soko lilikuwa na mtu mwenye kibanda cha gemu, na wote waliumwa ugonjwa mmoja, kaseti mpya. Vijana wakishaimaliza gemu hawarudi. Ukikosa mpya, funga kibanda uende ukalime.

Mimi ndiye nilikuwa nazitoa Nairobi. Huku kwetu tulikuwa wawili tu wenye kuziuza, na huyo mwingine duka lake lilikuwa kando ya langu, ila watu wa mbali hawakujua kama naye anauza kaseti.

Sasa sikiliza ujanja wangu. Sikubandika bei mahali popote. Bei ilikuwa kichwani mwangu na ilitegemea ulivyofungua mdomo. Ukiingia nakusalimia, nakuuliza habari za nyumbani, na ukijibu tu nishajua umetoka wapi. Mtu wa Kinoru, mia nne, maana akikasirika anaingia kwa jirani. Mtu wa Karurumo, upande wa Embu, mia sita. Mtu wa Kiritiri, kule chini Mbeere kwenye ukame, mia tisa. Akiuliza mbona ghali, namwambia uchukuzi. Uchukuzi! Na kaseti anaibeba mwenyewe mfukoni!

Nilijua mtu aliyeamka gizani na kubadilisha magari njiani hawezi kurudi mikono mitupu. Kadiri alivyotoka mbali, ndivyo nilivyomkamua. Wale wenye shida zaidi ndio waliolipa zaidi. Nikajiona nimesoma biashara.

Upande wa pili wa duka langu kulikuwa na fundi wa cherehani, msichana anaitwa Wawira. Hilo si jina lake, lakini nimwite hivyo. Kwao ni Kiritiri. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Siku ya kwanza nilipojaribu kumchangamkia aliniambia, "Wewe kelele zote hizo ni za nini? Kama una nguo ya kushonwa lete." Ai! Nikajua hapa nimefika. Nilipeleka suruali nzima nikaichana mwenyewe makusudi ili nipate sababu ya kurudi. Alijua, akashona, akanitoza, na baadaye akaanza kucheka.

Tulipoelewana, alimleta kaka yake dukani. Nimwite Nyaga. Jamaa mrefu, mikono migumu, alikuwa amepakia mchanga kwenye malori miaka mingi, akaacha, akafungua kibanda cha gemu Kiritiri. TV yake haikuwa ya rangi na aliiwasha kwa betri ya gari.

Wawira akaniambia, "Huyu ndiye alinilipia kusomea ushonaji. Usimwangushe."

"Nimwangushe? Shemeji yangu? Keti shemeji, keti!" Nikamwagizia soda.

Na hapa ndipo pa kunitemea mate. Huku kwetu mtu habishani bei na shemeji yake. Ni aibu. Shemeji akikutajia bei unalipa, kwa sababu unaamini ameshakupunguzia kabla hujaomba. Nyaga alikuwa mtu wa heshima hizo. Mimi nilijua. Nikamtazama, nikatabasamu, nikasema, "Kwa wewe, shemeji, mia tisa."

Akafungua kitambaa, akatoa noti moja moja, akalipa. "Asante, shemeji," akasema.

Na msiniambie ni shetani. Shetani hakuwa dukani siku hiyo. Tulikuwa wawili tu, Wawira alikuwa amesharudi kwa cherehani yake. Ni mimi. Nilimwona mtu asiyeweza kuuliza, nikamtoza kwa sababu hawezi kuuliza. Hata wale wengine wa Kiritiri walikuwa wanalia kidogo nawapunguzia hamsini. Kaka ya mchumba wangu ndiye alilipa zaidi ya wote!

Jioni Wawira akanijia. "Umempa kaka yangu bei gani?"

"Bei ya nyumbani," nikamwambia, macho makavu.

Alifurahi mpaka akaniletea chakula.

Nyaga aliendelea kuja, na kila mara ni soda, shemeji, mia tisa. Halafu ikatoka kaseti mpya ya mpira. Hiyo iliwapagawisha watu! Vijana walikuwa wanaacha kwenda uwanjani kutazama mpira wa kweli ili wakacheze ule wa kwenye TV. Nyaga alikuja ametapakaa vumbi, akaketi, akaniambia, "Shemeji, nimeuza mbuzi wa mama kwa sababu ya hii. Kuna mtu amefungua kibanda kingine pale sokoni. Nisipokuwa nayo Jumamosi, nimekwisha."

Mbuzi wa mama yake! Mama mkwe wangu mtarajiwa! Mtu mwenye damu angesema chukua bure. Mimi nikaenda kumletea soda.

Akiwa anakunywa, akaingia mteja wangu wa Kinoru, mwenye kibanda karibu na uwanja. Akauliza kwa Kimeru hii ya mpira ni pesa ngapi. Nikamjibu kwa Kimeru, "Mia nne, bei yako ile ile."

Akashangaa. "Mia nne tu? Na hawa wa Mbeere unawauzia ngapi?"

Nikacheka. Ole wangu, nikacheka kwa sauti! Nikasema, "Wale wa ukame? Mia tisa. Wataenda wapi? Na huyu hapa ni shemeji, huyu hata hajui neno punguza. Nikimwambia elfu atauza na ng'ombe."

Tukacheka sisi wawili kama mafisi. Nyaga akaendelea na soda yake polepole. Alipomaliza akaweka chupa chini, akatoa mia tisa, akachukua kaseti. "Asante, shemeji." Akatoka.

Wewe uliyezaliwa huku tayari umeshika kichwa. Mmbeere asisikie Kimeru! Hizi lugha zetu ni ndugu, hata mtoto anajua. Anaweza kukosa neno hapa na pale, lakini hesabu anaisikia, na dharau anaisikia zaidi. Mimi nilikuwa nimezoea kuwaona watu wa chini kama mawe. Haikunipitia akilini kwamba jiwe lina masikio.

Hakurudi tena. Nikasema moyoni, labda ana kaseti za kutosha. Kumbe ili arudishe pesa aliyonilipa alikuwa amepandisha bei ya kucheza, na vijana wakahamia kwa yule jirani yake. Nyaga aliuza TV, akarudi kwa mchanga. Hayo niliyajua baadaye, wakati hayakuwa na faida tena.

Siku ya kupeleka mahari ikafika. Nilikwenda na baba mdogo wangu, ndugu ya marehemu baba, na wazee wengine wawili. Tulibeba pombe ya muratina, sukari, blanketi, kila kitu cha heshima. Nilivaa suti! Nilikuwa na pesa ya mbuzi mfukoni, tena ya kubaki. Mnajua ilitoka wapi.

Tukapokelewa, lakini baridi. Hakuna aliyecheka. Chakula kililetwa bila neno. Nyaga aliketi karibu na mlango akinitazama, na nilipomwita shemeji akainamisha kichwa tu.

Msemaji wao alikuwa mjomba wake Wawira, mchinjaji, mtu wa sauti nzito. Alipofuta mikono akaanza, "Wageni wetu mmetoka wapi?"

Baba mdogo akajibu, "Tumetoka Meru, Kinoru."

"Kinoru." Yule mchinjaji akageuka. "Nyaga, wewe umetembea. Kinoru bei huwa namna gani?"

Nyaga akasimama. "Ya mbuzi siijui, mjomba. Ya kaseti naijua."

Na akayasema maneno yangu. Yote! Kwa Kimeru, na lafudhi yangu, na kicheko changu akakiweka mahali pake. Wale wa ukame. Wataenda wapi. Atauza na ng'ombe. Wazee wangu hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria. Nilitamani ardhi ipasuke initafune na suti yangu.

Baba mdogo akanigeukia. "Ulisema hivyo?"

"Baba, ulikuwa mzaha."

"Sijakuuliza kama ulikuwa mzaha."

Yule mchinjaji hakutukana. Alitaja mbuzi tu. Akataja mbuzi wengi mpaka mzee wetu mmoja akaguna, akaongeza mafahali, akaongeza asali. Akasema, "Hiyo ni bei ya mtu wa Kinoru. Mkitaka ya mtu wa Karurumo, ni nyingine."

Mwoaji huwa hasemi katika kikao hicho. Wazee ndio husema. Lakini mimi nikaruka juu, "Nakubali! Nitalipa wote!" Baba mdogo akanivuta koti niketi, nikakataa. Niliona nimeshikwa mkono, nimepigwa faini, nalipa, tumemalizana. Nilianza hata kutabasamu. Mjinga wa kutupwa! Nilidhani hata kosa hilo lina bei.

Wakamwita Wawira. Baba yake, mzee mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu tufike, akamimina ile pombe yetu kwenye pembe, akaishika mikononi. Mnaijua desturi. Wazee wa msichana hawaonji pombe ya mwoaji kabla msichana mwenyewe hajawaruhusu. Akisema kunyweni, ameolewa.

"Wawira, mwanangu," mzee akasema, "pombe hii imeletwa kwa ajili yako. Tunywe?"

Akanitazama. Nikamtolea macho ya kumwomba. Naapa, wakati huo ningempa Nyaga duka zima na ufunguo.

"Baba, msinywe," akasema.

Mama yake akaanza kulia. Mzee akamuuliza mara ya pili, kama inavyotakiwa. Naye akajibu, "Angemuibia kaka yangu kwa njaa ningevumilia. Lakini nilimuuliza mimi mwenyewe, akanidanganya, akala na chakula changu. Msinywe, baba. Huyo mtu simtaki."

Mzee akairudisha pombe kwenye mtungi taratibu, hata tone halikumwagika. Tukabebeshwa vitu vyetu vyote, mpaka blanketi. Nyaga ndiye alinisaidia kupakia mtungi kwenye gari. Hakunisukuma, hakunitukana. Heri angenipiga!

Tulipofika Embu mjini baba mdogo akasema, "Nimewapeleka vijana wengi kuoa. Sijawahi kurudi na pombe. Ukitaka mke tena, tafuta wazee wengine." Na wazee wengine sikuwapata, maana habari ilifika Kinoru kabla yangu. Nani atakubali kwenda kukuombea mke akijua unaweza kumtia aibu mbele za watu? Duka nalo likafa. Watu wa Kiritiri na wa Karurumo walikuja wakanitazama, wakaingia kwa jirani.

Nina nywele nyeupe sasa. Nimeishi na wanawake wawili na hakuna hata mmoja aliyewanywesha wazazi wake pombe yangu. Wote waliondoka, na hakukuwa na mtu wa kwenda kuwaita warudi.

Wawira aliolewa Karurumo. Nasikia mume wake aliitishwa mbuzi wachache, na mpaka leo hajamaliza kuwalipa, na hakuna anayemdai.

Basi wewe mwenye duka, uwe wa sokoni, uwe wa huko mtandaoni, unayemtazama mtu usoni kwanza ujue utamtoza ngapi: endelea. Endelea tu, pesa utaipata, mimi niliipata. Lakini ukimwona mtu analipa bila kuuliza, usifurahi. Usidhani ni mjinga. Amekuamini, na anayekuamini akiondoka haondoki peke yake, anaondoka na kwao kote. Mimi mlango wa kwao nilibisha, nikabisha tena. Bado umefungwa.