Utando Uliolala Darini

Ukungu wa kwetu Lukozi, huku milimani, naugombeza mpaka leo. Wageni wakipanda kutoka Mazinde, kule chini kwenye jua, wanavuta pumzi na kusifu hewa. Mimi likizo ile nilikuwa naamka, nautazama unavyoshukia kabichi za baba, nausonya.

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo, nilikokuwa nasomea kutengeneza utando mwembamba sana, mwembamba kiasi kwamba unywele pembeni yake ni gogo. Tulikuwa tunapiga kidonge cha shaba na madini mengine kwa mwali wa leza, ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, na mvuke wake unatua juu ya kipande cha fuwele chenye moto mkali. Baadaye tunaulisha oksijeni na kuupoza taratibu. Utando huo ukizamishwa kwenye baridi kali, umeme unapita bila kizuizi chochote. Baridi yenyewe inagandisha hata hewa tunayovuta, lakini wataalamu wanaiita "joto la juu", kwa sababu vitu vya zamani vilidai baridi zaidi ya hiyo. Nilipomweleza baba, alicheka mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepewa nafasi ya kuendelea na masomo, na baba alikuwa hajaniruhusu. Nilikuwa mtu mzima, ningeweza kufunga mzigo nikaondoka. Lakini kuondoka baba akiwa amenuna nisingeweza. Huko nisingepata usingizi.

"Soko limefunguliwa sasa," alisema. "Malori yanakuja mpaka hapa kufuata kabichi. Binti una akili zote hizo, halafu unarudi kwa watu kutengeneza kitu ambacho hata hakionekani?"

"Kazi yake inaonekana, baba."

"Basi nionyeshe. Nikiona, nitasema nenda."

Utando mmoja nilikuwa nimekuja nao: kipande cheusi kinachong'aa, kidogo kama ukucha, chenye nyaya nne. Kilichokosekana ni baridi, na baridi alikuwa nayo bwana mifugo. Alikuwa anapita na pikipiki, nyuma amefunga mtungi wa naitrojeni ya kimiminika yenye mbegu za madume ya kisasa. Alikubali kunimiminia kikombe kimoja siku atakayokuja kumhudumia ng'ombe wetu. "Ila usitegemee nyingine, dada," alisema. "Serikali inapunguza huduma. Sijui kama mtungi huu utajazwa tena."

Nikawa sikai wala sisimami. Utando ule adui yake ni unyevu, na milima yetu ni unyevu mtupu. Niliuweka ndani ya kisanduku chenye chembe za kukaushia, za bluu, nikamwambia mama, "Chembe hizi zikigeuka pinki, ujue unyevu umeingia." Kisha nikashuka Lushoto kuazima mita ya kupimia umeme kwenye maabara ya shule, nikalala huko kwa shangazi.

Niliporudi kisanduku kilikuwa kitupu.

"Ziligeuka pinki," mama alisema, uso umemchangamka. "Nikakiokoa."

Alinyoosha kidole juu ya mafiga. Darini, katikati ya mahindi ya mbegu yaliyofungwa mafungu na kuiva kwa moshi, kilining'inia kifundo cha kitambaa cha kanga. Kwetu kitu ambacho hakitakiwi kabisa kuoza wala kuliwa na wadudu kinawekwa pale. Mama alikuwa ameupa utando wangu mahali pa heshima kuliko pote nyumbani, na moshi ulikuwa umeufukiza usiku kucha. Nilitaka kupiga kelele. Nilitoka nje nikamkatia ng'ombe majani ambayo hakuna aliyenituma.

Bwana mifugo alifika kesho yake. Alipomaliza na ng'ombe, baba alitoka amevaa koti lake la kanisani. Nilifuta masizi, nikaunga betri na mita, nikazamisha kipande ndani ya kikombe kilichofuka mvuke mweupe.

"Tazama sindano ya mita, baba. Ikilala kwenye sifuri, umeme unapita bila kuzuiwa."

Sindano ilishuka. Ikashuka tena. Ikasimama njiani, ikatulia hapo. Nilitikisa nyaya, nikazamisha upya, nikaomba kimoyomoyo. Ilibaki palepale.

"Ndiyo hivyo?" baba aliuliza.

"Hapana, baba. Imekataa. Kimeharibika."

"Kimeharibiwa na nini?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. "Ukungu," nilisema.

Baba alikichukua kile kipande baridi ilipokwisha kukitoka, akakisogeza puani. Alimtazama mama, akatazama mlango wa jikoni. Nikaanza kukunja nyaya zangu, machozi yananitoka waziwazi. Bwana mifugo aliaga, pikipiki ikaunguruma kuteremka.

"Ile sindano," baba alisema baadaye, "mimi sijui kuisoma."

"Najua, baba."

"Ungeniambia imefika, ningeitikia."

Wazo hilo, nakiri, halikuwa limenijia kabisa.

Alinirudishia kipande changu, akanifunga vidole juu yake. "Nenda katengeneze kingine," alisema. "Na mama yako usije ukamwambia habari ya moshi."