Kaisari Wangu Ameyeyushwa Gehandu

Jamani, leo nimelia mbele ya mhunzi.

Wengi mnajua nakusanya sarafu za kale za majimbo ya Roma, zile za Kaisari mmoja aliyetawala miezi michache tu akauawa. Ninazo nne.

Ya tano ndiyo iliyonifundisha kuzipenda zote. Fundi mgeni wa matrekta alimpa marehemu baba, enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Mama alikuwa anaitunza kijijini kwake, Gehandu.

Leo nimetoka mjini Katesh kuifuata.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuchukua ile sarafu."

Mama akacheka, akanipa bangili mpya ya shaba.

"Niliipeleka kwa mhunzi akutengenezee hii. Sarafu yenyewe ilikuwa imechakaa, mwanangu, hata sura haionekani vizuri."

Nilikimbia kwa mhunzi, nikitumaini bado anayo. Nilikimbia kweli, na umri huu!

"Ile yenye kichwa cha mtu?" akauliza. "Niliiyeyusha juzi, pamoja na nyaya za shaba."

Nikakaa kwenye majivu yake, nikalia. Mzee wa watu akaweka koleo chini, akaniinua.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Hujaipenda?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nilitaka uwe na kitu cha baba yako mwilini."

Nikaivaa. Nikamwambia nimeipenda sana. Machozi yakanitoka tena, naye akadhani ni ya furaha, akanikumbatia.

Hebu niambieni, ninyi mngemwambia ukweli?